Rivyu ya shule ya YouTube: vitenge viwili vimekufa, gauni moja limevaliwa

Watu mnafanya rivyu za majiko ya gesi, za saluni, za sehemu za kula pilau, mi leo nataka nifanye ya kitu ambacho kwetu kinatumika kuliko hata jiko, YouTube kama shule. Sio YouTube ya bongo fleva wala ya mahubiri ya usiku, nazungumzia ile ya "jinsi ya", unaandika pale juu jinsi ya kukata sketi ya duara, jinsi ya kupiga hesabu za matriksi, jinsi ya kubadili kioo cha simu, halafu zinamwagika video kama mvua ya masika na kila mmoja anakwambia usiondoke mpaka mwisho. Kwetu tunaoitumia tuko watatu. Mimi najifunza kushona, huu mwaka wa pili tangu ninunue cherehani ya kukanyaga iliyotumika. Dogo wangu yuko kidato cha nne, hesabu na fizikia zinamtoa jasho. Na yupo binti wa dada yangu, miaka sita, huyo mwalimu wake ni katuni. Kwa hiyo nikisema hii huduma nimeijaribu namaanisha nimeijaribu kweli, kwa bando langu mwenyewe na kwa vitambaa vya mama bila ruhusa yake.

Nianze na msiba wa kwanza.

Nilitaka sketi ya duara, ile ukizunguka inafunguka kama mwavuli. Nikatafuta, nikapata dada mmoja anaongea taratibu, mikono misafi, chaki yake inachora mstari hata haitetemeki, nikasema huyuhuyu. Si unajua ukigonga kioo mara mbili video inaruka sekunde 10? Nikagonga. Salamu, ruka. Anajitambulisha, ruka. Anaomba watu wasabskraibu, ruka ruka. Nikatua pale anaposema chukua kiuno gawa kwa 3.14, jibu utakalopata ndo unapima kutoka kwenye kona ya kitambaa. Kiuno changu inchi 30, nikagawa, ikaja 9.55, nikaweka tisa na nusu, nikachora, nikakata vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, maana mi nilitaka duara zima. Nikaunga. Nikavaa. Sketi ikapita kiunoni, ikapita makalio, ikafika sakafuni yenyewe bila msaada wa mtu.

Mama kaingia chumbani kanikuta nimesimama katikati ya kitenge chake kama mtu aliyesimama ndani ya tairi la lori. Hakusema neno. Kaangalia kitenge, kaangalia simu, katoka.

Aliyenieleza kosa langu ni dogo, na hapa ndo penyewe hasa, maana huyo dogo wiki nzima alikuwa amelala na simu anaangalia video za duara. Nikamwita, hebu njoo msomi, kwa nini hii 3.14 imenidhalilisha. Akaanza kumwaga kanuni, mzingo ni pai mara kipenyo, mbili pai r (r ni nusu kipenyo), eneo pai r mraba, anazo zote kichwani kama mashairi ya wimbo. Nikamwambia sawa, sasa kiuno changu kiko wapi hapo? Kimya. Yaani kanuni anayo, kiuno anakiona kwa macho, ila hivyo vitu viwili havijawahi kukutana. Akachukua karatasi, akakaa nayo kama dakika ishirini hivi, anachora duara, anachora nusu, anafuta, anakunja kona ya daftari kama mi nilivyokunja kitambaa, mara akaruka, "Dada! Huyu alikuwa anakata nusu duara moja tu, nusu duara mzunguko wake wa juu ni pai mara r ndo maana anagawa kwa 3.14, wewe umekata mbili ukaziunga!" Kumbe duara zima unagawa kwa 6.28. Tukapiga hesabu tena, 30 kwa 6.28, inchi nne na robo tatu na ushee. Mimi nilishona sketi ya kiuno cha inchi 60. Ningeingia mimi na jirani na bado tungehitaji mkanda.

Tukairudisha video mwanzo kabisa. Dada wa watu katika ile salamu niliyoiruka alisema wazi, leo tunakata sketi ya nusu duara.

Kwa hiyo siwezi kumnyima nyota yule dada, nyota najinyima mwenyewe. Ila angalia kilichotokea kwa dogo. Zile video za wiki nzima nikimuuliza leo ilikuwaje ile ya tatu hakumbuki hata mwalimu alikuwa mwanaume au mwanamke. Hesabu ya kiuno changu anaikumbuka mpaka desimali. Dakika ishirini za kuhangaika na karatasi zimekaa, masaa ya kuangalia yamepita kama maji kwenye chujio.

Na ndo tabia ninayoiona kwa vijana wengi sio dogo peke yake, wale rafiki zake wakija hapa ni yaleyale. Hawasomi, wanaangalia masomo. Mtu kalala chali, simu juu ya pua, mwalimu anatatua swali hatua kwa hatua, kila hatua mtoto anatikisa kichwa, eeh, eeh, nimeelewa, swali linaisha, anafungua lingine. Na kweli kaelewa! Hadanganyi. Kaelewa mwalimu anachofanya. Kama mimi ninavyoelewa mpira, naelewa kabisa yule alitakiwa apige kwa guu la kushoto, nipe huo mpira sasa.

Kuna utafiti nilikutana nao ukanichekesha, wa 2018, wa Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago. Waliwaonyesha watu video za vitu kama kuvuta kitambaa cha meza bila kuangusha vyombo, kurusha vishale, na ile staili ya kutembea kinyumenyume aliyoipa umaarufu Michael Jackson. Wengine waliangalia mara moja, wengine mara 20. Wale wa mara 20 walijiona wameiva kuliko wenzao. Walipoambiwa haya, simameni mfanye, kwenye vishale na kwenye ule mwendo, hawakuwa bora kuwazidi wa mara moja. Mi kusikia hivyo nikakumbuka kitenge. Ningeiangalia ile video mara 20 ningekata kwa kujiamini zaidi, basi.

Sasa najua kuna mtu mdomoni tayari ana jina la Julius Yego. Na ni haki yake. Mkenya wa Nandi, nchi ya wakimbiaji, yeye akapenda mkuki, kocha wa mkuki hakuna, akawa anaingia intaneti anaangalia video za Jan Železný wa Jamhuri ya Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway, 2015 Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72, mwaka uliofuata Rio akachukua fedha ya Olimpiki. Watu wakambatiza jina la mtu wa YouTube. Story tamu, na dogo huwa ananitupia kila nikimwambia aweke simu chini.

Ila jamani tusiikate katikati kama nilivyokata ile video. Yego alikuwa anaangalia halafu anaenda uwanjani kurusha, anarudi, anaangalia tena, anaenda kurusha. Video ilikuwa kati ya mrusho na mrusho. Na alipoanza kupata mafanikio, baada ya dhahabu ya michezo ya Afrika Maputo 2011, alienda Kuortane kule Finland kufanya mazoezi na kocha, mtu mwenye macho. Kipande hicho cha Finland kwenye story za mtaani huwa hakimo.

Maana kasoro kubwa ya hii shule, na hii hakuna maboresho ya programu yatakayoitibu kwa video tu, ni kwamba wewe unaiona yenyewe haikuoni. Mshono wangu ulikuwa unakunjamana, kila nikishona mstari mrefu kitambaa kinajikusanya kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Nimeangalia video sijui ngapi za tatizo hilo. Mmoja anasema badili sindano, nikabadili. Mwingine legeza uzi wa juu, nikalegeza. Mwingine uzi wako feki, nikanunua mwingine. Wote walikuwa sahihi, kila mmoja na mashine yake. Mwisho nikabeba kitambaa mpaka kwa babu mmoja fundi hapo kona karibu na duka la mkaa. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, una nini? Nikamweleza, akaniambia kaa, shona niangalie. Nilishona labda inchi tano. Akanigonga mkono na rula. "Unakivuta kwa nyuma. Acha meno ya mashine yakipeleke yenyewe." Basi. Hela hakutaka, kachukua soda.

Tena babu huyo hajawahi kuangalia video ya kushona hata moja, aliniuliza kwani hao wanaoshona kwenye simu nguo wanamshonea nani.

Kwa upande mwingine siwezi kuwa mnafiki, babu ana fundisho lake na ana mdomo wake. Ukimuuliza kitu mara ya tatu anakutukana kwa heshima. Hapo ndo YouTube inamshinda kila fundi na kila mwalimu niliyewahi kukaa mbele yake, haichoki. Unaweza kurudisha pale anapogeuza kola mara kumi na nne saa nane usiku na hakuna mtu anayevuta pumzi kwa hasira. Ile Khan Academy, shule ya bure ya mtandaoni, ilianza hivyohivyo, Salman Khan (sio yule mwigizaji wa Kihindi) 2004 alikuwa anamfundisha binamu yake Nadia hesabu kwa simu maana wako miji tofauti, ndugu wengine nao wakataka, 2006 akaanza kuweka video YouTube, na mwenyewe anasimulia kwamba ndugu zake walimwambia wanampenda zaidi wa kwenye video kuliko wa kweli. Wengine wanaichukulia kama utani ila mi naielewa kabisa. Binamu wa kweli ukimsimamisha anauliza "hujaelewa wapi tena?" na hilo neno "tena" ndo linaua watoto wengi darasani. Dogo shuleni kwao darasa limejaa, anyooshe kidole aseme sijaelewa kutafuta namba inayokosekana, wenzake wacheke, bora afe nalo. Kwenye simu alirudi mpaka hesabu za kidato cha pili kimyakimya, logarithimu, kwa aibu zake mwenyewe bila mtu kujua. Mimi nilijua kwa sababu alisahau kutoa simu yangu kwenye chaneli hiyo. Sikumwambia.

Hiyo peke yake naipa nyota tano. Kurudi nyuma bila kuonekana.

Tabia hii kwetu ilianza Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona. Dogo alikuwa darasa la sita, kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni, wengine mpaka tarehe 29, miezi mitatu na ushee mtoto yuko nyumbani na mama anasema asome. Asome nini? Akapewa simu. Shule zikafunguliwa, simu haikurudi. Kabla ya hapo kwetu ukikwama swali unamfuata mtoto wa jirani aliyekutangulia darasa, unabeba na daftari, unakaa barazani mnagombana mpaka jibu linatoka. Sasa hivi hakuna anayebisha hodi. Sisemi zamani ilikuwa bora, huyo mtoto wa jirani wakati mwingine alikuwa anakosea na yeye na mnakosea wote kwa pamoja, ila mlikuwa mnaandika.

Lugha. Hapa nataka nikae kidogo maana sioni watu wakiisema. Msingi tumesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza. Sasa wamekuja walimu vijana wa Kitanzania na Wakenya YouTube wanafundisha kwa kuchanganya, "hii x ihamishe upande wa pili, ukivuka daraja unabadilisha ishara", mtoto anaelewa mpaka anacheka. Raha tupu. Halafu anakaa na pepa, swali la mkulima ana ekari kadhaa anataka kupanda mahindi na maharage apate faida kubwa, mistari sita ya Kiingereza, na dogo anayejua hesabu yenyewe vizuri tu anakwama kwenye mstari wa pili kwa sababu hajui mkulima anataka nini. Video ilimruhusu aruke Kiingereza kama mi nilivyoruka salamu. Siwalaumu hao walimu, wanafanya kazi ya Mungu, ila mzazi ukisikia mtoto anacheka na simu anasema nimeelewa, mpe swali kama lilivyoandikwa kwenye mtihani uone.

Tukaweka sheria moja nyumbani. Mwalimu akishaandika swali kwenye ubao dogo anasimamisha video, analifanya mwenyewe kwanza, akikosea akwame, ndo aachie video iendelee. Alichukia. Video ya dakika kumi ikawa inachukua saa zima. Wiki ya kwanza alikuwa ananiambia dada unanichelewesha silabasi. Nikamwambia silabasi ya kuangalia ulishaimaliza mara mbili na ulipata ngapi? Alipata 34. Sitataja amepata ngapi safari hii ni siri yake, ila mama alimpikia wali kuku siku ya Jumatano, na siku ya Jumatano kwetu ni dagaa.

Tuje kwenye zile video fupi, Shorts, ambazo mi naona ni ugonjwa unaojitegemea. Kitenge cha pili kilifia huko. Kola ya mviringo, sekunde hamsini, muziki wa kuchezesha mabega, mikono inakimbia, kata, geuza, piga pasi, tayari, jamani nzuriii. Sikuona pahali alipoacha nafasi ya mshono, ile ziada ya kitambaa inayoliwa ukiunga, kwa sababu katika zile sekunde hamsini hakuna nafasi ya kuonyesha nafasi. Nilikata saizi yenyewe, nilipounga shingo ikapungua inchi nzima na kichwa changu ni cha ukoo, hakipiti. Fupi ni nzuri kwa mtu ambaye tayari anajua, anakumbushwa tu. Fundi akiiona anasema aah kumbe anageuza hivi. Mwanafunzi akiiona anaona uchawi. Tangu 2024 wameruhusu zifike mpaka dakika tatu, sawa, ila bado haraka ni ileile.

Na nilichokuja kugundua, video nzuri za kujifunzia mara nyingi sio zile safi. Derek Muller, yule wa chaneli ya sayansi ya Veritasium, kabla hajawa maarufu alisoma PhD Chuo Kikuu cha Sydney, akamaliza 2008, kuhusu hichihichi kitu, video za kufundisha fizikia. Waliotazama maelezo safi yaliyonyooka wakasema imeeleweka vizuri, rahisi, lakini kwenye mtihani hawakusogea kivile. Waliotazama video ambayo ndani yake mtu anatoa mawazo ya makosa kwanza, anabishana, ndo anarekebishwa, wakasema inachanganya, na hao ndo waliofanya vizuri. Mi nina mama mmoja namfuatilia, kamera yake inatikisika, mtoto analia nyuma, siku moja alikata mkono wa blauzi kinyume, kitambaa kina maua yanaangalia chini, akasema "he! jamani nimeharibu, ngojeni niwaonyeshe tunaokoaje." Video ya dakika arobaini na moja. Ndo video niliyojifunza kuliko zote. Wenye mikono misafi na meza nyeupe hawajawahi kuniharibia mbele yangu, wameniacha niharibu peke yangu.

Ya mtoto mdogo nitapita haraka maana sina malalamiko. Anaangalia Ubongo Kids na Akili and Me, hizi zinatengenezwa hapahapa Dar na wanaoitwa Ubongo, Ubongo Kids ilianza kurushwa kwenye TV 2014 na sasa ziko YouTube. Kiswahili safi, nyimbo, hesabu. Na binti yetu hakai chini! Anasimama, anajibu, anaruka, anahesabu vijiko jikoni anamkatisha mama kupika. Kila nikimwona najiuliza ni saa ngapi mwanadamu anafundishwa kulala chali na kunyamaza mbele ya somo, maana hakuzaliwa hivyo. Labda na mashuleni tunachangia.

Sasa onyo. Kuna kozi za kulipia. Mama mmoja, jina simtaji, alitangaza darasa la ushonaji mwezi mmoja kwenye grupu la WhatsApp, elfu kumi na tano, nikatuma. Nikaunganishwa na watu zaidi ya mia tatu, kila siku asubuhi inatupwa video moja. Siku ya nne nikaona mikono naifahamu. Ile chaki isiyotetemeka! Ni yule dada wa nusu duara, wamekata juu jina la chaneli, sauti wameondoa wameweka muziki. Nililipia video ambayo tayari ilishaniharibia kitenge bure. Nikiuliza swali kwenye grupu linafunikwa na asante mwalimu ubarikiwe mwalimu. Nikajitoa. Kabla hujalipia kozi ya mtu mwombe akuoneshe anavyorekebisha kazi ya mwanafunzi, kama hakuna mahali anaangalia kazi yako na kukwambia hapa umekosea, unanunua bando la mtu mwingine.

Kuchagua video ipi ya kuamini nako ni kazi siku hizi. Zamani ulikuwa unaona idadi ya dole la chini, video ya uongo ilikuwa inajulikana kwa mbali, Novemba 2021 YouTube wakaificha hiyo idadi, wakasema ni kulinda watengeneza video wasishambuliwe. Sababu inaeleweka, ila mwanafunzi ndo kapoteza taa. Mi natumia komenti. Sio zile za juu za mioyo, hizo achana nazo, panga kwa mpya ushuke chini, kule ndo kuna watu waliokata kweli. "Dada hapa ongeza nusu inchi la sivyo kwapani inabana." "Mbona mi yangu imekuja fupi?" Video yenye komenti za watu wanaouliza maswali ya katikati ya kazi ina wanafunzi, yenye komenti za nzuri sana pekee ina watazamaji.

Bando ni bando mnajua wenyewe. Saa moja kwa picha ya ubora wa 480p inakula kama nusu GB hivi, dogo akiachiwa aweke HD ili aone nywele za mwalimu tunalala gizani. Hesabu ukiweka 240p unasoma vizuri tu, ubao ni ubao. Kushona hapana, pale unahitaji kuona uzi unapita wapi. Kuna video zinakubali kupakuliwa mulemule ndani, mi nazishusha kwa bando la usiku, asubuhi nakata intaneti kabisa nafanya kazi. Hii ya kukata intaneti jaribuni. Ukikwama huwezi kukimbilia video nyingine, unabaki na ileile moja na akili yako, na cha ajabu mara nyingi zinatosha.

Nyota sasa. Kuonyesha kitu kinavyofanyika, tano. Uvumilivu, tano. Kukufanya ujione umeshajua wakati hujui, hapo ingekuwa mtihani ingeongoza kitaifa, nakata moja na nusu. Kukuona unapokosea, sifuri, muone babu. Jumla naiachia tatu na nusu na naendelea kuitumia, kesho Mungu akipenda nakata suruali ya dogo.

Gauni nililosema juu ni la mama. Nilinunua kitenge kipya kulipa deni, kiuno nikagawa kwa 6.28, nafasi ya mshono nikaacha inchi, nikasimamisha video kila hatua, siku tatu. Kalivaa kwenye kitchen party ya jirani, wanawake wakamuuliza mama fulani nani fundi wako. Akawaambia fundi yuko kwenye simu.

Natafuta video ya kuweka zipu ya kujificha, lakini ndefu, na mwenye kushona awe amekosea angalau mara moja. Mwenye nayo anirushie.